Ndege ya Kunyunyizia Sumu Inapozimika Injini Shambani

Ndege inayonyunyizia sumu ya kweleakwelea huruka chini mno, mara nyingi jioni, makundi ya ndege hao waharibifu yanaporudi kulala. Injini ikizimika hapo, iwe ni kwa mafuta kuingia maji, kuisha, au ubovu wa mtambo wenyewe, rubani ana sekunde chache tu kabla ya kugusa ardhi.

Kwanza hushusha pua ya ndege ili mwendo usipotee, maana bila mwendo mabawa hayabebi tena. Kugeuka kuurudia uwanja akiwa chini hivyo kunaua, kwa hiyo hutua palepale mbele yake, akiufuata mstari wa mazao badala ya kuukata. Huku anavuta mkono wa dharura, na sumu yote inamwagika kwa mkupuo. Tangi la Air Tractor AT-502, kwa mfano, hubeba takriban lita 1,900. Kuutua mzigo huo kunaweza kumwokoa rubani, lakini walio chini wanabaki na sumu.

Ukisikia mngurumo umekatika ghafla, usikimbilie uwanja ulio wazi. Uwazi huo ndio rubani anaoutafuta, na mtu akisimama katikati anamnyima mahali pa kutua. Waite watoto, sogeeni pembeni, mbali na njia ya ndege.

Ikishatua, moyo wa kumwokoa rubani ni mwema, ila usimpeleke mtu kwenye kifo. Subiri pangaboi lisimame kabisa. Sogea kwa nyuma ya bawa, upepo ukikupiga mgongoni. Sigara izimwe, bodaboda zibaki mbali. Pasipo moto wala harufu ya mafuta, usimvute majeruhi ovyo, huenda mgongo umevunjika. Moto ukiwaka, fungua kifungo cha mikanda yake tumboni, mtoe haraka.

Fenthion, sumu inayotumika sana kwa kweleakwelea, hupenya kwenye ngozi. Funika mikono yako kwa mifuko ya plastiki, mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Jasho jingi, mate, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo mno, misuli kucheza na pumzi kubana ni dalili za sumu hiyo. Maziwa hayaitibu. Mfikishe hospitalini, ambako kuna sindano ya atropini, na utaje jina la sumu ikiwa limeandikwa kwenye chombo.

Tunajua kwamba sehemu nyingi kweleakwelea ni kitoweo. Waliookotwa mahali hapo wasiliwe, wala mbwa wasipewe. Nafaka iliyolowa isivunwe na mifugo isichungwe hapo mpaka afisa kilimo aruhusu. Madumu ya sumu yasichukuliwe hata yakiwa matupu. Mabaki ya ndege yaachwe yalivyo kwa ajili ya wachunguzi. Kwa Tanzania, piga 112 kwa polisi au 114 kwa zimamoto, kisha mjulishe mwenyekiti wa kijiji.