UFIZI UTOKAO DAMU: SOMO LA KUTUNZA MENO

Kila msomaji wetu analijua jino lililotoboka, maana maumivu yake hayafichiki. Humnyima mtu chakula na usingizi. Lakini upo ugonjwa mwingine wa kinywa ambao huja kimya kimya, wala hauumi siku zake za mwanzo, nao huwapotezea watu wazima meno yasiyo na tundu hata moja. Jino huanza kulegea, kisha hucheza, na siku moja mwenyewe hulitoa kwa vidole vyake, akashangaa kuliona zima tangu kichwa hata mzizi. Husema, "Ni uzee tu." La, si uzee. Jino halikuwa na kosa. Kilichoondoka ni kile kilicholishika. Katika somo hili twataka kueleza ugonjwa huo, dalili yake ya kwanza, matibabu yake, na mpaka ambao matibabu hayo hayawezi kuuvuka.

Jino limeshikwa na nini

Jino ni kama nguzo ya nyumba: sehemu tuionayo ni ile iliyo juu ya ardhi, na sehemu kubwa imezama chini. Mzizi wake umo ndani ya mfupa wa taya, na kati ya mzizi na mfupa zimo nyuzi nyembamba sana zinazovifunga viwili hivyo pamoja. Juu ya mfupa umelala ufizi, ambao huulinda mfupa na kuzuia uchafu usishuke. Ufizi mzima hukaza kando ya jino, wala hautoki damu uguswapo kwa mswaki. Rangi yake ni nyekundu hafifu, na kwa watu wengi wa kwetu huwa na weusi. Weusi huo ni wa maumbile, si ugonjwa.

Kila siku juu ya meno hujengeka utando mwororo, usioonekana vema kwa macho, nao umejaa vijidudu. Utando huu ukiachwa hushika chokaa iliyomo katika mate, ukawa mgumu kama jiwe. Huo ndio ukoga. Utando mwororo huondoka kwa mswaki, bali ukoga uliokwisha kuwa mgumu hauondoki ila kwa chombo cha mganga wa meno.

Jaribio la Denmark

Katika mwaka 1965 daktari Harald Löe, mtu wa Norway, pamoja na wenzake, walitangaza habari za jaribio lililofanywa katika mji wa Aarhus, nchi ya Denmark. Watu 12 wenye fizi nzima waliambiwa waache kabisa kusafisha meno yao. Kabla ya majuma matatu kupita, fizi za wote zilikuwa zimevimba na kuwa nyekundu. Ndipo walipoambiwa waanze tena kusafisha, na muda wa juma moja hivi fizi zao zikarudi hali yake ya kwanza.

Jaribio hilo lilifunza mambo mawili. La kwanza, ugonjwa wa fizi huletwa na ule utando. La pili, nalo ndilo kubwa, ugonjwa ukiwa bado katika ufizi peke yake hupona kabisa, bila kubakiza kovu.

Hapa ndipo watu wengi wakosapo. Mtu huona damu katika mswaki, akaogopa, akapaacha mahali pale akisema kwamba anapumzisha ufizi. Kumbe anawapumzisha vijidudu! Mahali patokapo damu ndipo hasa panapotaka kusafishwa, kwa mkono mwepesi, kila siku. Damu ikiwa ya utando tu, itapungua na kukoma baada ya majuma machache. Isipokoma, na aende kwa mganga.

Ugonjwa ukishuka katika mfupa

Utando ukikaa siku nyingi, ufizi huachana na jino, pakawa na mfuko. Mganga huupima mfuko huo kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama. Ufizi mzima hupimwa milimita 1 hadi 3. Ukipita hapo, pana shaka. Ndani ya mfuko mswaki haufiki, na mwili ukipigana na vijidudu vilivyomo, nyuzi hukatika na mfupa hupungua kidogo kidogo. Dalili zake ni harufu mbaya ya kinywa, usaha, meno kuonekana marefu kuliko zamani, kuachana, na mwisho kucheza.

Je, kila mwenye fizi mbovu atafika huko? Daktari Löe na wenzake walilitafuta jibu huko Sri Lanka. Tangu mwaka 1970 hata 1985 waliwapima mara kwa mara wanaume wa mashamba ya chai, ambao hapo mwanzo walikuwa 480, watu wasiokuwa na desturi ya kupiga mswaki wala kutibiwa meno. Waliona kwamba fizi za wote zilikuwa zimevimba. Lakini katika kila watu 100, 8 hivi ugonjwa ulikwenda mbio ukawamaliza meno. 81 ulikwenda polepole. Na 11 haukupita ufizi. Basi miili yetu haina nguvu sawa, na hakuna ajuaye kwa kujitazama katika kioo yeye ni wa kundi lipi. Kwa hiyo yafaa kila mtu ajitunze.

Yako pia mambo yauzidishao ugonjwa. Tumbako ni ya kwanza, iwe ya kuvuta au ya kutafuna. Tena uvutaji hupunguza damu ya fizi, hata mvutaji hudhani ni mzima naye yu mgonjwa. Ugonjwa wa kisukari ukiachwa bila kutibiwa huharibu fizi upesi, na fizi mbovu nazo huzidisha taabu ya kuishika sukari. Mama mwenye mimba fizi zake huvimba kwa urahisi, asiache mswaki. Kiseyeye chenyewe, yaani ugonjwa uletwao na ukosefu wa matunda na mboga mbichi, nacho hutoa damu katika fizi, na dawa yake ni chakula hicho kilichokosekana.

Matibabu

Tiba ya asili ya ugonjwa huu ni kuondoa ukoga. Mganga huukwangua juu ya meno, na mifuko ikiwa mirefu hupiga sindano ya kutia ganzi akasafisha mzizi chini ya ufizi. Baada ya kazi hiyo uvimbe hushuka, na mgonjwa huona meno yake yamekuwa marefu na yenye nafasi. Wengine hulalamika wakisema, "Mganga ameyalegeza meno yangu." Sivyo, uvimbe na ukoga vilikuwa vimeficha hasara iliyokwisha kuwapo.

Maji ya chumvi hutuliza ufizi, na mafuta ya karafuu hupunguza maumivu, lakini vyote viwili haviondoi ukoga. Dawa ya kusukutua iitwayo klorheksidini husaidia kwa siku chache aziamuruzo mganga. Ikizidi hutia meno madoa. Wala vidonge vya kuua vijidudu visinunuliwe dukani kwa kukisia, maana ukoga ukibaki, ugonjwa hurudi.

Meno yaingiayo ganzi

Fizi zikishuka, mzizi hubaki uchi, nao hauna lile ganda gumu la enameli. Chini yake mna vijibomba vidogo mno vyenye maji ndani. Katika miaka ya 1960 daktari Martin Brännström wa Sweden alionyesha kwamba baridi, upepo au kitu kitamu huyasukuma maji hayo, na mwendo wake ndio uuchomao mshipa wa fahamu. Ndiyo sababu mtu hushtuka anywapo maji ya mtungi au alapo embe bichi.

Dawa yake ni kuviziba vijibomba au kuutuliza mshipa. Ziko dawa za meno zenye nitrati ya potasiamu, na nyingine zenye floridi ya bati. Zitumiwe mara mbili kwa siku, na faida yake ionekane baada ya majuma kadhaa, si siku moja. Mganga pia aweza kuupaka mzizi floridi nzito. Lakini mtu akiendelea kusugua meno kwa mchanga, mkaa au majivu, au kuyasugua kama akataye gogo, dawa itakuwa kazi bure. Tena maumivu yakikaa muda mrefu baada ya baridi kuondoka, au yakija yenyewe usiku, hayo si ganzi tu. Aende atazamwe upesi.

Je, mfupa waweza kuota tena?

Mfupa uliopotea haurudi wenyewe. Katika mwaka 1976 daktari Melcher alieleza kwamba jambo hutegemea ni chembe zipi za mwili zitakazoufikia mzizi kwanza. Ngozi ya ufizi huota upesi kama magugu, na mfupa na nyuzi huota polepole kama mahindi. Magugu yakitangulia, mahindi hayana nafasi. Katika mwaka 1982 Sture Nyman na wenzake wa Sweden waliweka kitambaa chembamba kati ya ufizi na mzizi wa jino la mtu, ili kuizuia ngozi isitangulie. Baada ya miezi mitatu waliona nyuzi mpya zimejishika katika mzizi ule. Tangu hapo waganga hutumia vitambaa vya namna hiyo, unga wa mfupa wa mtu mwenyewe au wa ng'ombe, na ute wa protini utolewao katika meno machanga ya nguruwe. Mtu ambaye dini yake yamkataza vitu fulani, na aulize mapema.

Hata hivyo kazi hii ina mipaka. Hufaa pale mfupa ulipochimbika kama shimo jembamba lenye kuta. Pale uliposhuka wote sawasawa, faida ni haba. Yataka mganga bingwa na gharama nyingi, humfaa kidogo mvuta tumbako, na kinywa kisiposafishwa, kilichopatikana hupotea tena. Wazee walisema kweli: jino la pembe si dawa ya pengo.

Basi shikeni mambo haya:

1. Safisheni meno asubuhi na usiku, kwa mswaki laini na dawa yenye floridi. Mswaki wa mti nao wafaa, ukitafunwa hata uwe na nyuzi, na kukatwa ncha mpya mara kwa mara.
2. Msisahau upande wa ulimi, magego ya nyuma, na nafasi kati ya jino na jino.
3. Ufizi ukitoka damu, msipaache mahali pale.
4. Acheni tumbako.
5. Damu isipokoma, au jino likianza kucheza, nendeni kwa mganga wa meno, msingoje maumivu.

Tone la damu katika mswaki ni ufa mdogo ukutani. Leo huzibwa kwa mti wa mswaki na dakika chache. Mwakani huenda mfupa umekwisha kuondoka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta, na ukuta huu haujengeki wote.