Mtoto asiyejibu maswali atapimwaje?

SWALI: Mwanangu ana miaka 4, ana usonji na maneno machache sana. Kliniki wanataka kupima maendeleo yake ya kihisia na kijamii. Watampimaje na hajibu kitu? Mama, Tanga.

JIBU: Mama, atakayeulizwa zaidi ni wewe. Kipimo cha Vineland, chenye asili yake Marekani mwaka 1935, ni mahojiano na mzazi kuhusu anayoyafanya mtoto kila siku bila kusukumwa. Si anachoweza, anachofanya. Hapo wengi huteleza, maana mapenzi ya mzazi huongeza alama.

Kisha atatazamwa akicheza. Mpimaji anaweza kupuliza mapovu ya sabuni, halafu akanyamaza, kopo mkononi. Je, mtoto atalitazama kopo, kisha uso wa mpimaji, kisha kopo tena? Au atauvuta ule mkono kana kwamba hauna mwenyewe? Au ataondoka zake? Mimi huona mapovu hayo yanasema mengi kuliko “unaitwa nani?”

Masikio yapimwe mapema. Asiyesikia naye hageuki akiitwa. Na kama nyumbani mmemfundisha kuinamisha macho mbele ya wakubwa, sema, adabu isije ikaandikwa kuwa dalili. Mrekodi kwa simu akiwa na bibi yake au na watoto wa jirani, dakika mbili tatu zatosha, kwa kuwa chumba kigeni humfunga mtoto yeyote. Siku yenyewe aende ameshiba na amelala vizuri.