Somo la 24: Kushuka Mto na Kupanda Mto

Watoto, tazameni kwanza ramani ya nchi yetu. Tafuteni mto Kongo. Urefu wake ni kilomita 4,700 hivi. Sasa tafuteni mji wa Kisangani, ambao mpaka mwaka 1966 uliitwa Stanleyville. Hapo maporomoko ya Boyoma yanakoma, na toka hapo meli zaweza kushuka mpaka Kinshasa, mwendo wa kilomita 1,700 na zaidi.

Wekeni kidole penye Kisangani, kisha mfuate mto kwenda magharibi. Baada ya kilomita 60 hivi, katika ukingo wa kushoto, mtaona Yanonge. Ukingo wa kushoto ni upi? Simama ukitazama kule maji yanakokwenda: mkono wako wa kushoto waonyesha ukingo wa kushoto. Shukeni tena. Katika ukingo wa kuume mtaona Yangambi, na mbele zaidi Isangi, mahali mto Lomami unapoingia katika mto Kongo.

Hiyo ndiyo njia ya mtu na mkewe tutakaosoma habari yao leo. Ni hadithi ya zamani kidogo, kabla ya simu kufika vijijini.

1. Kushuka

Mtu mmoja wa Yanonge, Mlokele, alikuwa mvuvi. Mkewe alizaliwa Isangi. Tangu arusi yao miaka mitatu ilikuwa imepita, na mke hajawaona tena wazazi wake. Siku za Noeli zilipokaribia, akamwambia mumewe: “Mume wangu, mama yangu anazeeka. Twende tukale Noeli kwetu.” Mume akakubali.

Wakapakia mtumbwi: samaki waliokaushwa kwa moshi, kwanga kumi, chungu cha mafuta ya mawese, mkeka, chumvi, na kaa la moto katika kigae cha chungu. Mtumbwi wao ulikuwa mkubwa na mzuri, wa gogo moja. Marehemu baba yake mume ndiye aliyeuchonga.

Lakini mtumbwi ule ulikuwa na neno. Baba yao alipokufa aliacha wana wawili. Mkubwa alikaa katika kijiji cha chini, ukingo uleule wa kushoto, nusu ya njia ya kwenda Yangambi. Kabla ya matanga kwisha, mdogo aliuchukua mtumbwi usiku, bila kumwuliza ndugu yake. Mkubwa alipopata habari alisema maneno makali, na mdogo akajibu makali zaidi. Tangu siku ile hawakuonana.

Wakaondoka alfajiri. Ilikuwa mwezi wa 12, na mto ulikuwa umejaa. Upande wetu wa mto maji huwa mengi mwezi wa 11 na wa 12. Mchanga na visiwa vidogo hufunikwa, na maji huingia mpaka katikati ya miti. Mume alisimama nyuma, mke mbele. Wakaupeleka mtumbwi katikati ya mto, maana hapo ndipo maji yana nguvu ya kuuchukua. Kazi yao ilikuwa ndogo. Waliimba na kupiga kafi polepole.

Kabla ya saa sita, kwa mbali, mke aliona moshi wa kijiji katika ukingo wa kushoto. Akasema: “Kile si kijiji cha yaya wako?” Mume hakugeuza kichwa. Alijibu: “Tuko mbali. Maji yanatuchukua.” Naye mke akanyamaza. Kweli walikuwa mbali. Lakini kafi ya mume ilianza kwenda mbio.

Mchana mawingu meusi yalitokea. Mvuvi aliona majani ya miti yakigeuka, akajua upepo waja. Hakujaribu kushindana nao. Aliuingiza mtumbwi katika majani marefu ya kisiwa, akaufunga, wakangoja. Mawimbi makubwa yalipita katikati ya mto kwa muda wa saa nzima. Mtu wa mto hajifanyi hodari mbele ya upepo. Ulipotulia ndipo walipovuka kwenda Yangambi.

Yangambi walikuwa na rafiki aliyefanya kazi katika shamba la michikichi. Kituo cha kuchunguza mambo ya kilimo kilianzishwa huko mwaka 1933. Wataalamu wa Yangambi waligundua jambo kubwa: wakichanganya mchikichi wenye kokwa nene na mchikichi usio na gamba la kokwa, hupata mchikichi wenye kokwa nyembamba na nyama nyingi, nao hutoa mafuta mengi. Rafiki yao aliwapokea kwa furaha, mkewe akapika lituma na samaki. Asubuhi aliwapa miche miwili ya michikichi hiyo, akisema: “Mtaichukua mkirudi. Pandeni kwenu, mtatukumbuka.”

Siku ya pili jioni walifika Isangi. Mama mkwe alikuja mbio mpaka majini, nguo yake ikalowa. Walikula Noeli pamoja na ndugu na jirani. Siku sita zilipita kama siku moja.

2. Ngoma

Baba mkwe alikuwa na ngoma ya kusema. Ngoma hiyo haina ngozi. Ni gogo lililochimbwa ndani kwa kupitia tundu refu na jembamba. Midomo miwili ya tundu hilo hailingani: mmoja hutoa sauti ya juu, mwingine sauti ya chini. Lugha ya Kilokele nayo hupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma hufuata kupanda na kushuka kwa maneno. Kijiji kikisikia, kinapiga tena, na kijiji cha mbele kinasikia. Hivyo habari hupita mbio kuliko mtumbwi wowote. Mmisionari Mwingereza John Carrington, aliyefundisha Yakusu karibu na Kisangani, alitoa kitabu juu ya ngoma hizo mwaka 1949.

Katika ngoma mtu haitwi kwa neno moja fupi, maana maneno mengi mafupi yana sauti sawasawa. Huitwa kwa jina refu: jina lake mwenyewe, halafu jina la baba yake, halafu kijiji cha mama yake.

Siku ya kuondoka, kabla ya mapambazuko, baba mkwe alipiga ngoma: mkwe wetu anarudi, anapanda mto pamoja na mkewe, mpokeeni. Akapiga jina la mvuvi, akapiga na jina la marehemu baba yake.

3. Kupanda

Kupanda mto si kama kushuka. Anayeshuka hukaa katikati. Anayepanda akikaa katikati, maji humshinda. Atapiga kafi mpaka jioni naye yupo palepale. Inampasa kushika ukingo, mahali maji ni mapole. Hupiga kafi, hushika upondo, na pengine hujivuta kwa matawi. Basi hupita mbele ya kila bandari, na kila mtu humwona na kumwamkia.

Walipanda siku ya kwanza, na ya pili. Mikono ya mke ilitoka malengelenge. Siku ya tatu walichukua miche yao Yangambi, wakavuka tena mto mpaka ukingo wa kushoto. Siku ya nne mvuvi alianza kunyamaza. Alijua bandari iliyo mbele.

Akasema: “Mke wangu, tuvuke mpaka kisiwa kile, tupite ng'ambo.”

Mke akaweka kafi chini. Akasema: “Maji yamejaa, na mikono yangu imekwisha. Tukivuka hapa yataturudisha mpaka Yangambi. Nawe wajua kwamba huogopi maji. Unaogopa bandari.”

Mvuvi hakuwa na jibu. Wakashika ukingo.

Walipozunguka mti mkubwa ulioinama majini, waliona watu bandarini. Mbele yao alisimama mtu mrefu mwenye mvi kidogo. Alikuwa yaya. Alikuwa amesikia ngoma juzi usiku, na katika ngoma alisikia jina la baba yake. Tangu matanga hakulisikia jina hilo likipigwa. Asubuhi alishuka bandarini kungoja.

Mvuvi aliruka majini, akauvuta mtumbwi nchi kavu. Hakusimama wima mbele ya ndugu yake. Alisema: “Yaya, mtumbwi huu ni wa baba. Niliuchukua usiku kama mwizi. Mimi ndimi niliyekosa, si wewe.”

Yaya hakujibu mara moja. Alipitisha mkono juu ya ubao wa mtumbwi, mahali penye alama za shoka la baba yao. Kisha akasema: “Nami nilitukana siku ya matanga. Sikukasirikia mtumbwi, mdogo wangu. Nilikasirika kwa sababu hukuniuliza. Ungaliniuliza, ningalikupa, mimi ni mkulima, mvuvi ni wewe.” Akamshika mkono.

Usiku ule walilala hapo. Mke alitoa mche mmoja wa mchikichi, wakaupanda nyuma ya nyumba ya yaya. Asubuhi walipotaka kuondoka, yaya alichukua kafi yake akaingia mtumbwini. Alisema: “Mikono ya shemeji yangu imekwisha. Nitawafikisha Yanonge.” Jioni walifika, kafi tatu zikipiga pamoja.

Watoto, kugombana ni kama kushuka mto: neno moja laleta jingine, na maji yenyewe yanakuchukua mbali. Kupatana ni kama kupanda: ni kazi, mikono inauma, na lazima upite mlangoni mwa yule uliyemkosea. Lakini hakuna njia nyingine ya kurudi nyumbani.

Maneno

kafi: mti wenye ubao mpana wa kuendeshea mtumbwi.
upondo: mti mrefu wa kusukumia mtumbwi mahali pasipo na kina kirefu.
yaya: ndugu mkubwa, kwa watu wa Kisangani.
kwanga: muhogo uliolowekwa, ukapondwa, ukafungwa katika majani na kupikwa.
lituma: ndizi zilizopikwa na kupondwa.
matanga: siku za kumlilia mtu aliyekufa.

Maswali

1. Yanonge ni katika ukingo gani wa mto? Na Yangambi?
2. Kwa nini anayeshuka hukaa katikati ya mto, na anayepanda hushika ukingo?
3. Mvuvi alifanya nini alipoona upepo waja? Angalishindana nao, ingalikuwaje?
4. Ngoma ya kusema ina sauti ngapi? Jina la mtu katika ngoma lina sehemu gani tatu?
5. Yaya alikasirika kwa sababu gani? Nani alitangulia kukiri kosa lake?
6. Mke alisema: “Huogopi maji. Unaogopa bandari.” Maana yake nini?

Kazi

Chora mto Kongo toka Kisangani mpaka Isangi. Andika majina ya vituo, na uonyeshe kwa mshale maji yanakokwenda. Kisha andika sentensi sita juu ya safari uliyofanya kuwatembelea ndugu zako.