SOMO LA ROBO HII: Mwezeshaji Anawajibika kwa Nani?



Katika toleo hili tunajifunza juu ya mtu ambaye kamati zetu za Kibaha na Kisarawe humwita mara kwa mara: mwezeshaji. Tunamwita tunapoandaa mpango mkakati, tunapotathmini mradi, au kamati inapogawanyika. Anakuja na bango kitita na kalamu za rangi, anakaa siku tatu, analipwa, anaondoka. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, sisi wenyeji tunapona?

1. Kazi yake ni ipi?

Mhandisi wa kisima huja na jibu, kwa kuwa anajua kina cha maji kuliko sisi. Lakini kwa nini kamati ya maji haikutani, hilo wanalijua wanakamati wenyewe. Mwezeshaji wa mabadiliko huja na maswali yatakayowasaidia kulisema na kulirekebisha.

Kazi hii si ngeni kwetu. Katika miaka ya 1970 makanisa ya Kenya yaliendesha mafunzo ya DELTA, yaliyotumia mawazo ya Mbrazili Paulo Freire, na mwaka 1984 waanzilishi wake, Anne Hope na Sally Timmel, walitoa vitabu vya kufundishia. Jijini Nairobi, shirika la CORAT Africa limekuwa likiyashauri makanisa juu ya uongozi na utawala tangu miaka hiyo hiyo ya 1970.

2. Kwa nini wawezeshaji huunda chama?

Daktari ana baraza lake, mhasibu ana bodi yake. Akikosea, tunajua pa kushitaki. Lakini yeyote aliyewahi kushika kalamu ya bango kitita anaweza kujiita mwezeshaji. Ndiyo maana wenye kazi hii wameunda vyama vya hiari. Marekani, mtandao wa washauri wa maendeleo ya taasisi ulianzishwa mwaka 1964. Chama cha kimataifa cha wawezeshaji, IAF, kilianzishwa mwaka 1994, na mwaka 2004 kikapitisha maadili yake. Kwa ufupi, maadili hayo yanamtaka mwezeshaji atumikie kundi, aseme wazi kama ana maslahi yake katika jambo linalojadiliwa, aheshimu uhuru wa kundi kuamua, na atunze siri.

Hata hivyo tusidanganyike. Chama cha hiari kinaweza kumfuta mtu uanachama, lakini hakiwezi kumzuia kufanya kazi. Kadi ya chama haitoshi. Kamati nayo iwe macho.

3. Siri ya nani?

Tuseme parokia moja Kisarawe ina mashine ya kusaga mihogo iliyonunuliwa na mfadhili. Mwenyekiti na mtunza hazina hawasemezani. Mfadhili anamlipa mwezeshaji aje kuwapatanisha. Wakati wa chai, mama mmoja anamnong'oneza kwamba daftari la fedha halijasomwa mbele ya wanachama kwa mwaka mzima. Mwezeshaji afanyeje? Akimwandikia mfadhili na kumtaja mama yule, hakuna atakayefungua kinywa tena. Akinyamaza, siri inageuka pazia la kufichia ubadhirifu.

Jibu halipatikani wakati wa chai. Linapaswa kuandikwa kabla ya semina, na kamati, mfadhili na mwezeshaji watie saini: jina la aliyesema halitoki chumbani, lakini daftari la fedha ni haki ya wanachama na ya mfadhili, nalo litafunguliwa mbele ya wote.

4. Kibaha inatufundisha nini?

Mwaka 1963 nchi za Nordiki, zikiwemo Uswidi, Norwei, Denmaki na Ufini, zilianzisha mradi mkubwa pale Kibaha: shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya. Mwaka 1970 mradi ulikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Waliokuja waliondoka, kazi ikabaki mikononi mwa wenyeji. Hata semina ya siku tatu inahitaji makabidhiano.

5. Kabla ya kutia saini, kamati iulize:

(a) Wewe ni mwanachama wa chama gani, na tukiwa na malalamiko tuyapeleke wapi? Kama hana chama, ataje kamati mbili alizofanya nazo kazi, tuzipigie simu.

(b) Unamtumikia nani: kamati au anayelipa? Jibu liwemo katika hadidu za rejea.

(c) Ni yapi yatakuwa siri, na ni yapi hayatakuwa?

(d) Ni wanakamati gani wawili watajifunza kwako na kuendesha kikao cha siku ya mwisho?

(e) Utarudi lini kuona tulichotekeleza? Tunashauri baada ya miezi mitatu, na sehemu ya malipo isubiri siku hiyo.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi: tengeni fedha za ziara hiyo ya kurudi. Bila hiyo, mpango mkakati mzuri huishia kabatini, na mwaka unaofuata mnaombwa kulipia mwingine.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Mwezeshaji wetu wa mwisho alituachia nini tunachokitumia hadi leo?

2. Ni jambo gani tunalinong'ona wakati wa chai na hatulisemi kikaoni? Tufanye nini ili lisemwe?

3. Nani kati yetu anaweza kuendesha kikao kijacho bila mgeni?