Piloti Inayokosa: Namna ya Kusaidia Ordinatere ya Zamani



Hapa Lubumbashi ordinatere nyingi za kubeba si mpya. Zinatoka Ulaya, Dubai ao Afrika ya Kusini, nyingi zinapita Kasumbalesa juu ya lori pamoja na nguo na vipande vya motokari, na zinafika kwetu zikiwa zimeisha kufanya miaka kumi ao zaidi. Mzazi ananunua moja kwa dolari alizoweka kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza inatumika vizuri. Kisha virusi inaingia, mtu anafuta yote na kutia Windows ingine, na tangu siku ile sauti imepotea, wifi haionekane, na picha kwenye kioo zimekuwa kubwa na mbaya. Mtoto anapeleka mashini kwa watengenezaji wa njiani na jibu ni moja tu: "Ile ilishakufa. Uza bipande, ununue ingine."

Mara nyingi jibu lile si kweli. Hakuna kilichokufa. Kinachokosa ni piloti, na mwanafunzi mwenye kalamu, karatasi na uvumilivu anaweza kuitafuta.

Piloti ni nini? Ndani ya ordinatere kuko vipande vingi vilivyotengenezwa na viwanda mbalimbali: kipande cha sauti, cha picha, cha wifi, cha kusoma karti ya kamera. Kila kimoja kina luga yake. Sisteme, ni kusema Windows ao Linux, haijui luga hizo zote. Inahitaji mtafsiri kwa kila kipande. Mmeona katika kanisa siku mgeni anahubiri kwa Kiingereza: mtafsiri anasimama kando yake, neno kwa neno. Mtafsiri akikosa, mgeni yuko na sauti, yuko na ujumbe, lakini mkutano haupati kitu. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto (1 Wakorinto 14) kwamba mwenye kusema kwa luga ngeni anyamaze katika kanisa kama hakuna wa kutafsiri. Kipande kisicho na piloti kinafanya vile vile. Kinanyamaza, lakini kiko kizima.

Sasa, kabla ya kutafuta lolote, angalia mambo mawili madogo. La kwanza, ordinatere nyingi za miaka ya 2005 hadi 2010 ziko na kifungo kidogo pembeni ao mbele cha kufunga na kufungua wifi. Kimefungwa? Fungua. Nimeona watu wakitafuta piloti siku tatu na kazi ilikuwa ya kidole kimoja. La pili, uliza mashini yenyewe. Finya pamoja kitufe cha Windows na herufi R, andika devmgmt.msc, kisha Entrée. Itafunguka orodha ya vipande vyote, ambayo Windows ya Kifaransa inaita Gestionnaire de périphériques. Kipande kisicho na piloti kina alama ya njano. Ukikifungua utaona pengine neno "Code 28": maana yake piloti haikutiwa. "Code 10" ni jambo lingine: piloti iko lakini kipande hakikubali kuanza, pengine sababu piloti si yake. Na kama kipande hakipo hata kidogo katika orodha, wala kwa alama ya njano, piloti haitasaidia. Hapo angalia kama kimefungwa katika BIOS, ao kama karti yake imelegea ndani.

Majina katika orodha yanadanganya wageni. "Contrôleur réseau" mara nyingi ni wifi, na "Contrôleur Ethernet" ni tundu la kamba ya rezo. "Contrôleur de bus SM" ni sehemu ya karti mama. "Périphérique système de base" karibu kila mara ni kisomaji cha karti ndogo za kamera. Na "Périphérique inconnu"? Hapo Windows inasema wazi kwamba hata jina haijui.

Lakini kuko kitu kimoja ambacho Windows inakijua siku zote, na hapa ndipo somo lote linapokaa. Kila kipande kina namba yake, kama vile kila mmoja wenu ana namba yake katika daftari la prefe. Finya kipande kwa kitufe cha kuume cha suri, ingia Propriétés, kisha Détails, na katika orodha ndogo chagua mstari wenye maneno identification na matériel. Utaona maandiko ya namna hii:

PCI\VEN_14E4&DEV_4315

kisha mkia mrefu. Mkia uache kwanza. VEN ni kiwanda, DEV ni kipande. 14E4 ni Broadcom, na kipande 4315 ni karti ya wifi inayoitwa BCM4312, iliyotiwa katika Dell na HP nyingi za karibu mwaka 2009. Sasa umejua unachotafuta, bila kufungua mashini na bila kulipa mtu. Watu wengi wanaandika katika kutafuta kwao "piloti ya HP", na wanapata mambo elfu yasiyofaa, kwa sababu HP haikutengeneza karti ile ya wifi. Jina lililo juu ya kifuniko ni la aliyekusanya vipande.

Viwanda vingine mtakavyokutana navyo sana: 10EC ni Realtek, ya sauti na ya kamba ya rezo. 168C ni Atheros, ya wifi. 10DE ni NVIDIA na 1002 ni AMD, ile ya zamani ATI, yote mawili ya picha. 1180 ni Ricoh, ya kusoma karti. Na 8086 ni Intel. Kiwanda kile kilijichagulia namba hiyo kwa kukumbuka prosesa yake ya mwaka 1978, iliyozaa ukoo wa prosesa ambazo ziko hata leo katika ordinatere zetu nyingi. Kama mstari unaanza na USB, utaona VID na PID pahali pa VEN na DEV, lakini maana ni ile ile. Kuko tena vile vinavyoanza na ACPI. ACPI\HPQ0004 katika HP na ACPI\SMO8800 katika Dell ni kifaa kinachosikia kama mashini inaanguka, ili kulinda diski. Usipoteze mega zako juu yao, mashini itatumika bila hivyo.

Angalisho kwa wanaonakili kwa mkono. Namba hizi zimeandikwa kwa msingi wa kumi na sita, jambo ambalo mwalimu wa hesabu anaweza kuwaeleza vizuri zaidi: tarakimu ni 0 hadi 9, kisha herufi A hadi F, basi. Kwa hiyo kiduara ni sifuri siku zote, hakuna herufi O. Kinachochanganya kweli ni 8 na B. Tena, katika kutafuta andika tu VEN na DEV na namba zao. Usihangaike na ule mshazari wa nyuma, ambao klavie za Ubelgiji zinauficha.

Sasa piloti inapatikana wapi? Anza na aliyekusanya mashini, kwa sababu yeye alizijaribu piloti pamoja. Kama jina lake limekufa, tafuta mrithi. Compaq ilinunuliwa na HP mwaka 2002. ThinkPad za IBM zilienda kwa Lenovo mwaka 2005. Packard Bell, ambazo ni nyingi katika mizigo ya Ulaya, ziko chini ya Acer tangu 2008. Fujitsu Siemens imekuwa Fujitsu tu tangu 2009. Toshiba iliuza kazi yake ya ordinatere kwa Sharp mwaka 2018, na jina leo ni Dynabook. Mtu anayetafuta kwa Toshiba peke yake anaweza kufikiri hakuna kitu, wakati vitu vimehamia nyumba ya pili.

Warithi nao wanachoka. Mwezi wa Novemba 2019, Intel iliondoa katika ukurasa wake piloti na BIOS nyingi za bidhaa zake za zamani. Hapo tunaenda kwa Microsoft: iko na katalogi yake ya bure, catalog.update.microsoft.com, ambayo inakubali uandike namba yenyewe ya VEN na DEV, na inakupa fishie ya .cab. Watu wengi hawaijui, na mimi naiweka mbele ya nyingine zote kwa kipande kimoja kimoja. Ikikosa huko, Internet Archive inaweka nakala za kurasa zilizofutwa tangu 1996, pamoja na piloti nyingi ambazo watu wamezihifadhi.

Hapana kwenda kwa zile kurasa zinazopiga kelele "Piloti zako 37 ni za zamani, finya hapa!" Wala kwa programu zinazojidai kutafuta zote peke yake na kisha kudai malipo. Piloti inaingia katika moyo wa sisteme, pahali ambapo hata programu ya kawaida haifike. Ukiipokea kwa mtu usiyemjua, umempa ufunguo wa nyumba. Windows XP haikupata tena marekebisho ya kawaida ya usalama tangu Aprili 2014, na Windows 7 tangu Januari 2020. Windows 10 nayo, msaada wake wa kawaida umeisha tarehe 14 Oktoba 2025. Mashini za namna hii zinafaa kwa kuandika na kusoma, lakini barua za siri na hesabu ya feza usizifungue humo.

Kuko tatizo ambalo wanafunzi wananiuliza kila mara: "Mwalimu, piloti ya wifi iko kwenye intaneti, na intaneti nitaingia namna gani bila wifi?" Njia moja ni kle ya USB na mashini ya rafiki ao ya saiberi, kwenda na karatasi yenye namba ni kupunguza saa za kulipa. Njia ya pili ni simu. Simu ya Android ikiunganishwa kwa kamba ya USB na ukifungua ndani yake ugawaji wa intaneti kwa USB, Windows 7 kwa kawaida inaiona kama kamba ya rezo, na Linux vile vile. XP ndiyo inasumbua. Lakini zima kwanza marekebisho ya peke yake, ao mega zako zote zitamezwa katika dakika chache.

Umepata fishie. Angalia kama sisteme yako ni ya biti 32 ao 64, kwa maana piloti ya moja haiingie katika nyingine hata kidogo. Piloti ya Vista mara nyingi inakubaliwa na Windows 7, ile ya XP usiitegemee. Kama fishie ya kutia inakataa na kusema mashini hii si yake, usikate tamaa. Ifungue kwa 7-Zip kama vile unafungua mfuko, na ndani tafuta fishie yenye mwisho .inf. Hiyo ni maandiko ya kawaida: ifungue, tafuta ndani yake namba yako ya DEV. Ikiwa imo, rudi katika orodha ya vipande, omba kurekebisha piloti, chagua kutafuta katika mashini yenyewe, na uionyeshe dosie ile. Tia kwanza piloti ya karti mama, kisha picha, kisha sauti na rezo.

Na kama bado hakuna? Jaribu Linux ya kufungua kutoka kwenye kle, kama Linux Mint, bila kugusa diski. Piloti nyingi za zamani zimo ndani ya Linux yenyewe. Ikiwa sauti inatoka chini ya Linux, basi umepata hakika kwamba kipande ni kizima, na yule aliyesema "ilishakufa" alisema bila kuangalia. Debian 12 ya Juni 2023 ndiyo ya mwisho inayoweza kutiwa katika mashini za biti 32. Debian 13 ya Agosti 2025 imeziacha. BCM4312 tuliyotaja inahitaji hapo fishie moja zaidi, ambayo Debian haina ruhusa ya kuigawa, hivyo inaivuta kwenye intaneti wakati wa kutia. Ile kamba ya simu itafaa tena.

Mwenye mashini ambayo ingali inatumika vizuri, afanye kazi hii kabla mtu hajaifuta. Katika Windows 10 tengeneza dosie "piloti" kwenye kle, fungua dirisha la amri kama msimamizi, na andika:

dism /online /export-driver /destination:E:\piloti

ukitia herufi ya kle yako pahali pa E. Katika Windows 7 amri ile haipo. Nakili dosie nzima C:\Windows\System32\DriverStore\FileRepository, ijapo ni kubwa. Kisha andika namba za VEN na DEV juu ya karatasi ndogo, uitie chini ya batri, pahali ambapo mtengenezaji ajaye ataiona bila kuulizwa.