SOMO LA AFYA: "NYONGO" ISIYOISHA



Huku kwetu, toka Diani hadi Msambweni, mtu akitapika maji machungu ya manjano husema, "Nina nyongo." Hunywa mwarobaini, akalala, na mara nyingi hupona. Lakini nyongo yenyewe si ugonjwa. Ni maji yanayotengenezwa na ini ili kuyeyusha mafuta ya chakula, na huwekwa katika kifuko kidogo chini ya ini, upande wa kulia. Kifuko hicho nacho huweza kupata kansa. (Msikichanganye na kibofu cha mkojo, kile kinachoharibiwa na kichocho.)

Kansa hii ni nyingi zaidi kaskazini mwa India na huko Chile kuliko kwetu. Huwapata wanawake kuliko wanaume, hasa wenye umri mkubwa, na wengi wao huwa na mawe ndani ya kifuko. Mwenye mawe asiingiwe na hofu, wengi hawapati kansa kamwe. Ila mama anayeumwa chini ya mbavu za kulia kila akila wali wa nazi au viazi karai, asimeze dawa za dukani mwaka mzima akisema ni vidonda vya tumbo. Aende apimwe.

Ubaya wa kansa hii ni kujificha. Dalili zikitoka wazi, mara nyingi imeshaenea. Kwa hiyo tazameni weupe wa macho, nje, mchana, maana ngozi yetu haionyeshi umanjano upesi. Macho yakiwa manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, choo cheupe kama majivu, mwili ukiwasha bila vipele, mtu akikonda au akipapasa uvimbe chini ya mbavu, asingoje hata kama haumwi. Huenda ni jiwe limeziba njia, huenda ni ini. Daktari ndiye atakayejua. Na manjano yakija pamoja na homa na kutetemeka, asilale nyumbani usiku huo.

Zahanati ya kijiji haitoshi kwa hili. Ombeni barua ya kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, Msambweni, mkaulize picha ya ultrasaundi. Haiumi. Mgonjwa aende bila kula, kwa sababu chakula hukamua kifuko na picha haitaonekana vizuri. Kadi ya NHIF haitumiki tena. Tangu Oktoba 2024 ni SHA, basi mjisajili kabla ya kuugua.

Zungumzeni katika kikundi:
Je, kuna mwenzetu mwenye "nyongo" zaidi ya mwezi? Nauli yake itoke kwenye sanduku au tuchange? Nani atafuatana naye?