SOMO: JINA "MAJALIWA"



Leo tunajifunza habari za jina moja la kiume tunalolijua sote: Majaliwa. Tumelichagua kwa sababu wapo wazazi wanaosita kumbatiza mtoto kwa jina hili. Wengine husema halimo katika Biblia, wengine hudhani ni la Waislamu peke yao. Basi hutafuta haraka jina la Kizungu wasilolijua maana, na lile alilopewa mtoto na babu yake likabaki la nyumbani tu.

1. Maana yake

Jina hili latokana na kitenzi "jaalia", ambacho Kiswahili kilikipokea kutoka Kiarabu. Maana yake ni kutoa kwa neema, au kuwezesha. Mungu hujaalia, mtu hujaaliwa, na kile alichojaaliwa ndiyo majaaliwa. Kwa hiyo wanaoandika Majaaliwa na wanaoandika Majaliwa wote wamo njiani. Tusilichanganye na "kujali", yaani kutia maanani.

Tunapoagana tukisema "tutaonana panapo majaliwa", twakubali kwamba kesho imo mkononi mwa Mungu. Hayo ndiyo anayofundisha Mtume Yakobo (Yak. 4:13-15), anapowaonya wanaopanga safari na biashara kana kwamba siku zote ni zao.

Mara nyingi jina hili hupewa mtoto aliyengojewa kwa muda mrefu. Wazazi husema kwa neno moja: huyu tumepewa. Sasa tulinganishe. Mathayo maana yake ni zawadi ya Bwana. Nathanaeli maana yake ni Mungu ametoa. Je, Majaliwa lina upungufu gani mbele ya hayo?

2. Katika Kanisa

Wakristo wa kwanza hawakulazimishwa kuacha majina yao. Apolo (Mdo. 18:24) na Epafrodito (Flp. 2:25) walikuwa na majina yenye asili ya miungu ya Wayunani, na Mtume Paulo aliwaita hivyo hivyo. Ibada yetu ya Ubatizo nayo humtaka padri ambatize mtoto kwa jina lililotajwa. Haisemi jina hilo litoke Ulaya.

Tena Kanisa letu lina deni kwa jina hili. Cecil Majaliwa alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, kisha akakombolewa. Alisoma Kiungani, Unguja, katika shule ya wamisionari wa UMCA, akapelekwa Canterbury, Uingereza, kuendelea na masomo. Mwaka 1886 alifanywa shemasi, akatumwa Chitangali, huko kusini kwa Wayao wenzake. Mwaka 1890 Askofu Charles Smythies alimpa upadri, naye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa padri katika misheni hiyo. Mtu aliyewahi kuuzwa kama bidhaa alisimama madhabahuni akiitwa Majaliwa.

3. Siku hizi

Jina hili ni la Wakristo na Waislamu pia. Ndugu Kassim Majaliwa, mwalimu kwa kazi yake ya kwanza, alikuwa Waziri Mkuu wetu tangu mwaka 2015 hata 2025. Hapa Kigamboni, ambako tunakaa mlango kwa mlango na ndugu zetu Waislamu, jina linalotumiwa na pande zote mbili ni msaada kwa ujirani mwema.

4. Onyo

Neno hili lina matumizi mabaya. Mtoto anaugua, hapelekwi zahanati mapema, naye anapofariki tunasema, "Yalikuwa majaliwa yake." Hapo tunamsingizia Mungu uzembe wetu. Kilichojaaliwa ni amana, na amana hutunzwa.

Tukumbuke tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba ikiwa na watu 43. Wavuvi hawakukaa ufukweni wakinung'unikia kudra. Walipiga makasia wakaiendea, na mmoja wao, kijana aitwaye Majaliwa, alisifiwa na taifa zima kwa kusaidia kuufungua mlango. Watu 19 walifariki, lakini 24 waliokolewa. Kijana yule alilitendea haki jina lake.

Basi wazazi, mkipenda kumwita mwana Majaliwa, mleteni kwa furaha na jina lake. Kisha mpelekeni kliniki, mpelekeni shule, mfundisheni sala. Aliyewajaalia atawauliza habari zake.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Jina lako lina maana gani, na nani alikupa?
2. Soma Mathayo 25:14-30. Mtumwa wa tatu alikitendeaje alichopewa?
3. Ni jambo gani hapa mtaani tunaloliita majaliwa, ilhali tungeweza kulizuia?